Tripodi miguu safi, kichwa kinashuka, na naomba nitoe povu kidogo

Kichwa cha hii tripodi, pale juu panaposhika kamera, kinashuka. Unapanga fremu yako vizuri, unakaza nobu mpaka gumba linauma, unatoa mkono, na lenzi inaanza kuinama taratibu kama mzee anayesinzia barazani, afu inatulia pale inapotaka yenyewe. Sio sana. Ni kidogo tu, na hicho kidogo ndo kimenifanya nichukie kitu nilichokidundulizia hela muda mrefu.

Kwa picha za mandhari unaweza ukakaa nayo na usijue. Lenzi pana ikiinama kidogo, mstari wa upeo unasogea kiduchu, unakatakata pembeni kwenye kompyuta, maisha yanaendelea. Mi nilipiga milima, nikapiga mawio, nikapiga maji yanayoporomoka kwa shata ya sekunde nyingi, picha zikatoka safi na nikawa naisifia kwa kila mtu aliyeniuliza.

Siku nilipofunga lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, ndo nikajua nimeuziwa nini. Ukifika 1:1 mdudu anaingia kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo kwenye kamera ya fulufremu dunia yako nzima ni milimita 36 kwa 24, ukubwa wa sensa yenyewe. Fremu ikishuka milimita 2 tu imeshakula sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha picha. Na hapo hatujafika kwenye fokasi, maana hata ukibana tundu la lenzi mpaka f/8 eneo lililo shapu ni kama milimita moja hivi, basi. Sasa nina panzi, alfajiri, amelowa umande, ana baridi bado hajaanza kusogea, yani mdudu mwenyewe ametulia kuliko vifaa vyangu! Nalenga jicho, nakaza, naachia, nabaki na shavu. Nalenga juu ya jicho ili ikishuka ije kwenye jicho, safari hii inashuka nusu ya ilivyoshuka mwanzo, nabaki na paji la uso. Huwezi hata kuizoea, kwa sababu haishuki sawasawa, inategemea boli, ule mpira wa ndani ya kichwa unaozunguka na kukazwa, limesimama vipi na umekaza kwa hasira kiasi gani.

Nikajaribu kuunganisha picha nyingi, zile unazopiga mfululizo ukisogeza fokasi kidogo kidogo afu programu inazifanya moja. Nikatumia rimoti nisiguse kamera, nikazima kitulizi cha lenzi, kila kitu. Kichwa kikaendelea kuteleza pole pole katikati ya mfululizo, programu ikahangaika kuzipanga, na panzi wangu akatoka na antena tatu. Tatu! Moja kaizaa tripodi.

Basi nikawaandikia huduma kwa wateja. Kistaarabu kabisa. Nikawawekea na video, nimewasha gridi kwenye skrini, ncha ya jani iko kwenye makutano ya mistari, nakaza, naachia, jani linahama. Hata mtoto angeona. Akanipigia kijana mmoja, sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi, hata shikamoo wala habari hakuna:

"Kaka, hicho kichwa kinabeba kilo 20. Kamera yako na lenzi havifiki hata kilo 3. Sasa kinashukaje?"

Nikamwambia ndo hilo nakuuliza wewe.

"Haiwezekani kikashuka."

Nikamuuliza video umeiangalia? Kimya. Afu akasema, na naandika kama alivyosema maana siwezi kusahau, "Wataalamu huwa wanalenga juu kidogo." Kwa hiyo hakishuki, ila kikishuka nilenge juu. Nikamwambia nimeshalenga juu. Akaniambia labda nimezoea kupigia simu, vifaa vya kitaalamu vinataka mkono. Jamani! Kazi ya tripodi si ndo hiyo, mkono usihusike?

Nikakata simu kabla sijasema neno la kujutia. Muda si mrefu ikaingia meseji: tatizo lako limetatuliwa, tafadhali tupe nyota.

Na hizo kilo 20 zenyewe naomba tuziongelee, kwa sababu wengi tunanunua kwa kuangalia ile namba. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, kila mmoja anapima anavyojua. Ukiweka uzito katikati, wima, juu ya kichwa, kitabeba hata ndoo ya maji. Lenzi ya makro haikai wima, inachomoza mbele, uzito unavuta pua chini, na boli ukilikaza kuna kunesa kidogo ndani yake kabla halijashika. Nilipofunga ile pete ya lenzi, ili kichwa kishike lenzi badala ya kushika kamera, uzito ukakaa katikati na kushuka kukapungua. Kukapungua, sijasema kukaisha. Sasa kama dawa yake ni pete, si mngeniambia hivyo kwenye simu badala ya kunifundisha kulenga juu?

Hapa ndo napata shida ya kutoa maksi, kwa sababu miguu yake bana... miguu yake ni mizuri. Inauma kusema. Nguzo ya katikati inatoka yote, kila mguu unatanuka peke yake mpaka karibu ulale chini, kwa hiyo kamera inashuka mpaka usawa wa uyoga, na kwa makro hiyo ni mali, maana tripodi nyingi zile za nguzo ndefu zinagota kabla hujafika chini. Na nguzo ukiipandisha juu inatikisika, hiyo ni kwa tripodi yoyote, kwa hiyo kuitoa sikuona hasara. Vifungio vyake ni vya kuzungusha, vikaingia mchanga na maji ya chumvi, nikafungua, nikasuuza kwa maji baridi, nikakausha, vikarudi laini. Kwenye upepo nimeacha shata wazi sekunde 30 na picha ikatoka shapu, japo ile ndoano ya kutundikia begi sishauri, begi likining'inia linabembea na linaitikisa tripodi nzima, kama lazima utundike basi acha liguse chini.

Kichwa chenyewe kinafunguka, maana juu ya miguu ni skrubu ya kawaida ya inchi 3/8, ila kuna vijiskrubu vidogo vitatu chini ya kisahani kinachokaliwa na kichwa, ambavyo vinakishika kisijifungue, mtu akikunja kichwa kwa nguvu bila kuvilegeza kwanza atadhani kimegandishwa. Nikakitoa. Rafiki akaniazima kichwa cha gia, kile kinachosogezwa kwa nobu badala ya boli, na kwa sababu pleti yangu, ile inayofungwa chini ya kamera, ni ya mtindo wa Arca-Swiss unaotumiwa na vichwa vingi, ikaingia pale pale bila maneno. Unazungusha nobu, lenzi inasogea unywele mmoja. Unaachia. Inabaki. Nilikaa naachia na kushika, naachia na kushika, inabaki tu. Panzi akatoka na antena mbili kama alivyozaliwa.

Kwa hiyo nyota moja kwa kichwa, nne kwa miguu? Nilitaka kuandika hivyo. Ila kichwa cha gia nacho kizito, na ni cha polepole, nilipotoka nacho kwenda kupiga jua likizama nikajikuta nazungusha nobu tatu, moja ya mbele nyuma, moja ya ubavu, moja ya kuzunguka, huku rangi inaondoka angani. Nikarudisha boli langu bovu. Kwa lenzi pana linafanya kazi kwa sekunde mbili na sina la kulalamika, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mandhari tu, nunua hii tripodi na kichwa chake na usinisikilize. Kama una lenzi ya makro, nunua miguu peke yake kama watakuuzia hivyo. Nilikuwa nimeshatulia kabisa, nimeshafika nyota tatu, karibu nne.

Afu juzi kati wameweka tangazo la toleo jipya la kichwa hicho hicho. Picha nzuri, boli kubwa zaidi, na kwa herufi kubwa: SASA HAKISHUKI TENA. Hakishuki TENA. Nikawaandikia, nikabandika na maneno ya yule kijana kwamba haiwezekani kikashuka, nikauliza nibadilishiwe. Wakajibu haraka mno safari hii, kwa heshima zote, kwamba wateja wa zamani tuna punguzo.

Nyota moja.