Vidonge vya kuongeza miaka vinavyouzwa Lubumbashi: geuza chupa kwanza

Chupa zinazotembezwa kwa WhatsApp hapa Lubumbashi kama "dawa ya kurudisha ujana" zina rangi nyingi, lakini ukiondoa picha ya mzee anayeruka kama mbuzi na kusoma maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi utakuta kimoja kati ya vitu vinne: NMN, resveratroli, metformini au, kwa wenye fedha, rapamisini. Viwili vya kwanza ni virutubisho. Viwili vya mwisho ni dawa za hospitali zilizoachishwa kazi yake na kupewa nyingine. Tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia kabla ya bei, maana kirutubisho kibovu kinakula mfuko, dawa iliyokosewa inakula mwili.

NMN ndiyo yenye kelele zaidi. Mwili huitumia kutengeneza NAD, ambayo chembe hai zinaihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu, na ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Majaribio kwa watu yametumia miligramu 250 kwa siku na zaidi, kwa wiki au miezi michache, na kweli NAD ya damu ilipanda. Kuishi zaidi ni jambo jingine: halijaonyeshwa kwa binadamu hata mara moja. Muuzaji huruka hapo kama anayevuka mfereji.

Hesabu ya chupa nayo ina mitego. Vidonge 60 vya miligramu 125 si vya miezi miwili. Ni vya siku 30, kwa sababu kufikia 250 unameza viwili. Wengine huandika "500" kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi za sisimizi, "kwa vidonge vinne". Ukiipata chupa ya siku 30 kwa dola 40, mwaka mzima ni dola 480. Halafu kuna unyevu. NMN hunyonya maji, na msimu wetu wa mvua, Novemba hadi Aprili, haufai kwa chupa inayofunguliwa kila asubuhi karibu na chungu cha bukari. Kile kifuko kidogo cha kukausha kisitupwe. Unga ukishikana na kuwa bonge ndani ya kidonge, chupa imekwisha kuharibika. Muuzaji aombwe karatasi ya maabara yenye namba ya loti ileile iliyo kwenye chupa. Akileta karatasi yenye loti nyingine, amekujibu.

Resveratroli hutoka katika ganda la zabibu. Kampuni kubwa ya dawa GSK iliinunua kampuni ya Sirtris mwaka 2008 kwa dola milioni 720 kwa ajili ya dawa za namna hiyo, ikaifunga mwaka 2013. Panya waliolishwa kitu hicho katika majaribio makini ya umri hawakuishi zaidi. Ipite.

Metformini ni dawa nzuri sana, kwa mgonjwa wa sukari. Huyo huanzishiwa kwa miligramu 500 pamoja na chakula ili tumbo lizoee, na hata hivyo wiki za kwanza choo kinaweza kumsumbua. Ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, ndiyo maana miguu huanza kuchoma na kufa ganzi, na watu wakadhani ni uzee. Figo zikiwa dhaifu, asidi inaweza kujaa katika damu, na hiyo huua. Kumnunulia mzee asiye na sukari bila kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, eti aishi zaidi, ni kucheza na figo ambazo hujui zina hali gani.

Rapamisini ndiyo yenye sifa halisi katika maabara, na ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ilipatikana katika bakteria ya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ikapata jina huko. Mwaka 2009 panya walioanza kuilishwa wakiwa na siku 600, umri wa mzee kwa panya, walirefusha maisha: majike kwa asilimia 14, madume kwa 9, ukihesabu umri ambao asilimia 90 yao walikuwa wamekufa. Lakini panya hao walikaa katika vizimba safi. Kazi ya dawa hii hospitalini ni kutuliza kinga ya mwili ili figo ya kupandikizwa isikataliwe. Mtu wa mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya hapa jijini, mwenye mbu usiku na kikohozi cha jirani ndani ya basi, anaihitaji kinga hiyo yote. Vidonda vya mdomo hutokea mara nyingi, mafuta ya damu hupanda, jeraha huchelewa kupona. Dawa za fangasi kama flukonazoli huipandisha kiwango chake katika damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Bila daktari wa kuipima damu, jibu ni hapana.

Tuseme basi moja ya chupa hizi ingefanya kazi, na baba mmoja wa Katuba afikie miaka 120. Si mbali sana na rekodi: Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kiswahili kimekwisha kuandaa majina ya watakaomzunguka: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Parsele, yaani kiwanja cha nyumba, haikujiandaa. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi. Mtoto aliyezaliwa baba akiwa na miaka 25 atarithi akiwa na miaka 95. Na kwa kuwa sheria hiyo humwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba ya ndoa, mama akidumu naye, kining'ina ndiye atakayepewa ufunguo. Familia yenye wazee wa umri huo ingelazimika kugawa mapema, mbele ya notari, kila aneksi na karatasi yake, wakati mwenye mali bado anaweza kutia sahihi na kugombezwa.

Pensheni ni ngumu zaidi. Katika CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kongo, mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri 5. Miaka 15 ya kuchangia ni miezi 180; asilimia 10 ya hiyo ni mishahara 18. Akiacha kazi na miaka 60 na kufa na 120, anangojea malipo miezi 720. Hata mfuko uwekeze vizuri namna gani, pengo hilo litazibwa na vijana wanaochangia sasa, na wengi wao jijini huuza, huchimba au hushona bila kuandikishwa popote. Kwao pensheni ni watoto. Mtu wa miaka 70 mwenye baba wa 95 na babu wa 120 atakuwa na wazee wawili wa kutunza, na bado anatakiwa kumlipia mjukuu minervali, yaani karo ya shule.

Kwa bei ya chupa moja au mbili unapata mashine ya tansiyo ya mkono wa juu, na hiyo tunaipendekeza bila kusita, kwa sababu shinikizo la damu lililotibiwa hupunguza kiharusi na vifo. Hilo limethibitishwa kwa watu. Acha ya kifundo cha mkono, hukosea kirahisi. Pima kwanza mzunguko wa mkono kwa utepe wa fundi cherehani: kitambaa cha mashine cha mkono wa sentimita 22 hadi 32 kikifungwa kwenye mkono wa 36, namba hupanda juu ya ukweli na mzee huanzishiwa dawa bure. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, amekojoa, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, na asiongee. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kwa siku saba. Tupa siku ya kwanza, chukua wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85, nenda na daftari kwa daktari. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo mashine inaweza kulalamika mapema kwamba zimekwisha. Weka nne za kawaida, na uzitoe ikiwa mashine itakaa miezi kabatini, zisije zikavuja.