Tahadhari: huyu "mshauri wa ushuru" anayezunguka Kamukunji

Wenzangu wafanyabiashara wa Kamukunji, Gikomba na Nyamakima hapa Nairobi, someni hii kabla hamjampa mtu nambari ya siri ya iTax, ile tovuti ya ushuru ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya).

Mimi nauza sufuria. Mwezi wa tatu shule moja ya bweni ilitaka kununua kwangu sufuria kubwa za jikoni, ila nipeleke cheti cha utiifu wa ushuru. Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja wa tai na laptopu, anayejiita mshauri wa sheria na ushuru. Akafungua akaunti yangu, akatikisa kichwa: "Mama, una faini kubwa. KRA wakikufikia watafunga duka." Nguvu ziliniishia. Akasema shilingi 18,500 zitamaliza yote, cheti ndani yake. Nikamtumia kwa M-Pesa, kwenye simu yake mwenyewe.

Siku ya tatu akaniletea cheti. Karatasi nzito, nembo, hata ule mraba wa kuskani kwa simu. Mhasibu wa shule akaingiza nambari ya cheti kwenye iTax nikiwa nimesimama mbele yake. Ikakataa. Akairudia, tarakimu moja moja, kidole juu ya karatasi. Ikakataa tena. Akanirudishia karatasi yangu kimya, na sufuria zikanunuliwa kwingine.

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Alikuwa amefuta imeli yangu kwenye akaunti akaweka yake, kwa hiyo nikiomba nambari mpya ya siri, inaenda kwake. Tena alikuwa amejaza ritani za sufuri, kana kwamba sijauza hata kifuniko, na risiti zangu za eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, KRA wanaziona. Uongo huo umeandikwa kwa PIN yangu, yaani nambari yangu ya mlipa ushuru, si yake. Nimekosa usingizi kwa hilo kuliko kwa pesa.

Nilifunga duka siku nzima nikaenda Huduma Centre ya GPO na kitambulisho. Hapo ndipo nilijua ukweli wa deni langu: nilichelewesha ritani za TOT, ushuru wa mauzo wa biashara ndogo, miezi miwili, na faini yake ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Elfu mbili, pamoja na ushuru wenyewe, asilimia 3 ya mauzo, ambao hujazwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na cheti chenyewe KRA hawakiuzi. Unakiomba kwenye iTax bure, kinadumu miezi 12.

Wakala wa kweli wa ushuru ameidhinishwa na KRA na unaweza kumkagua kwenye iTax kwa PIN yake. Unamteua kutoka akaunti yako, naye anafanya kazi kwa akaunti yake. Nambari yako ya siri haihitaji kabisa. Ushuru unalipwa kwa paybill 222222 na nambari ya malipo iliyotolewa na iTax. Akikuambia "nitumie mimi nikulipie", chukua mkoba wako uondoke.

Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Ofisi yake ina kufuli sasa, lakini juzi mama mmoja wa mitumba ameniambia kuna kijana wa tai na laptopu amempigia hesabu ya faini, maneno yale yale. Leo jioni ingia kwenye akaunti yako, fungua taarifa za PIN, uangalie imeli iliyoandikwa pale ni ya nani.