Bledi tatu kwenye maita moja ya kuslaidi, uzoefu wangu

Mimi ni seremala hapa Arua, nafanya milango, vitanda na meza, mbao nyingi ni mahogani na mvule zinazoingia kutoka Kongo na siku zingine payini na mkaratusi wa kawaida. Mwaka jana nikanunua maita ya kuslaidi, yaani msumeno wa umeme wa kukata mbao kwa kukingama na kwa kona, kichwa chake kinavutwa na kusukumwa, ya mtumba, inchi 10, motor iko poa kabisa ila bledi iliyokuja nayo ilikuwa imechoka, meno mawili hayana hata kabaidi, ile ncha ngumu ya kukatia. Nikasema hiyo ni kitu ndogo, bledi nitanunua. Kumbe hapo ndio shule ilianza.

Bledi ya kwanza nilinunua kwa kuharakishwa. Nilikuwa nimeshuka Kampala kwa shughuli zingine, nikaingia duka moja la vifaa, nikamwambia boss nataka bledi ya inchi 10 ya mbao ngumu, inayokata haraka. Akanitolea moja nyekundu inang'aa, meno 24, elfu 60. Mimi nikaangalia inchi 10 nikaangalia bei nikalipa, nikapanda basi. Kufika nyumbani tundu halitoshi! Maita yangu shafti yake inataka 30 mm na bledi ni 25.4. Jamani pima tundu kabla ya kutoka dukani, maana huku kwetu vitu vinatoka kila upande, kuna 30, kuna 25.4, kuna hizi za Kimarekani za 15.88, na zote kwenye karatasi imeandikwa inchi 10. Tundu likiwa kubwa kuliko shafti utapata ringi ya kupunguzia, likiwa dogo ndio basi, na usithubutu kulipanua na faili, ikipoteza senta kidogo tu bledi nzima inatetemeka. Nikairudisha kwa mtu wa basi, ikabadilishwa na ileile ya tundu 30, hapo duka siwalaumu.

Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyeniuliza inaenda kwenye mashine gani. Nikaifunga, nikaweka mvule mbili kwa sita, nikavuta mashine kuja kwangu huku inakata, na ile kitu ikaruka! Yaani ilipanda juu ya mbao ikanijia kifuani kama mbuzi aliyekata kamba, mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mbao karibu na fensi, ule ukuta wa nyuma wa kuegemezea mbao, ukabaki salama kwa sababu mbao iliteleza upande mwingine. Nilizima nikakaa chini nikanywa maji. Kijana wangu akasema mzee tuache leo. Tukaacha.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa kunoa bledi. Aliishika tu akasema, "Kijana, hii ni ya kupasulia mbao kwa urefu, hii ya msumeno wa meza." Akachukua rula akaiweka kutoka katikati ya tundu mpaka kwenye ncha ya jino. Uso wa jino haukufuata ile rula, jino lilikuwa limeinamia mbele, limejikunja kama kucha ya mwewe. Kumbe huo mwinamo ndio pembe ya jino, kwenye bledi ya kupasulia inafika digrii 20, jino linauma mbao na kujivuta lenyewe. Kwenye msumeno wa meza hakuna shida kwa sababu wewe ndio unasukuma mbao na meno yanakuja kinyume chako. Lakini maita ya kuslaidi chini ya bledi meno yanakimbia kuelekea fensi, sasa ukivuta kichwa kuja kwako wakati inakata meno yanapanda juu ya mbao kama tairi, na jino likiwa limejikunja hivyo mashine inakukimbilia. Ya maita inatakiwa pembe ndogo sana au hasi, tuseme kuanzia hasi 5 mpaka 5 au 7 hivi, rula ikiwekwa uso wa jino unaonekana umeegemea nyuma kidogo. Na mimi pia nilikuwa nakosea, unatakiwa uvute kichwa mpaka mwisho kikiwa juu, ushushe, halafu usukume kwenda mbele. Hilo nilikuwa sijui na nina miaka kumi na kitu kwenye kazi, niseme ukweli.

Baada ya hapo nikaogopa nikaenda upande wa pili, nikachukua meno 80 ya bei rahisi. Skatingi na fremu za picha zilitoka laini huwezi amini, msasa haukuhitajika. Lakini weka mahogani nene ya inchi 2, inaenda polepole, moshi, ukingo mweusi kama umechomwa na pasi. Meno yakiwa mengi nafasi kati ya jino na jino inakuwa ndogo, unga wa mbao hauna pa kwenda, unasuguana mle ndani. Kwa mkaratusi mbichi usijaribu kabisa.

Sasa niliyo nayo ni meno 60, pembe hasi 5, tundu 30, jino lina unene wa 2.8 mm, nilitoa 135,000. Kwa kazi yangu ndio hii. Inakata mvule bila kuruka, kona ya 45 inafunga vizuri, nyuma mbao haichaniki sana na nikitaka isichanike kabisa naweka ubao wa taka nyuma yake. Ubaya wake upo, pembe hasi inataka mkono usukume zaidi na ukisukuma kwa hasira itachoma pia. Ziko nyembamba zaidi, 2.2 hivi, motor inapumua hasa ukiwa kwenye jenereta ndogo, ila bledi moja ya hivyo niliyoazima ilipinda kwenye mbao nene, mkato ukatoka kama tumbo. Pia angalia spidi iliyochapwa kwenye bledi, yangu imeandikwa mizunguko 6,000 kwa dakika na mashine inazunguka 4,800, hiyo ni sawa, ikiwa kinyume usifunge. Wa aluminiamu na fomaika nyinyi mtafute ile ambayo jino moja limekatwa pembe mbili na linalofuata ni bapa, mimi hizo sifanyi sana.

Na kabla hujaitupa bledi ukisema imekufa, ioshe. Yangu ilianza kuchoma baada ya wiki mbili za payini, nikajua nimeibiwa, kumbe ni utomvu umeganda pembeni ya meno. Nikatoa waya ukutani, nikaifungua, nikailaza kwenye beseni na mafuta ya taa nusu saa, mswaki wa zamani, ikarudi kama mpya. Brashi ya waya wa chuma hapana, kabaidi inaweza kumeguka.

Ile nyekundu ya meno 24 nilimwachia jirani mwenye msumeno wa meza, tukatafuta ringi. Anapasua mkaratusi nayo kutwa nzima na anaisifu kila akiniona.