Mashine za Hei kwa Shamba Dogo: Beila Ije Mwisho

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Robota hili la hei, yaani majani ya mifugo yaliyokaushwa, lililoko mezani lina uzito wa kilo 20, na unyevu uliobaki ndani yake ni takriban asilimia 15. Majani yanapokuwa bado yamesimama shambani huwa na maji kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona kwamba robota hili lilitokana na kilo 85 za majani mabichi, na kwamba lita 65 za maji zilitoka kabla ya kamba hizi mbili kufungwa. Hekta moja ikitoa tani 4 za hei, jua na upepo huwa vimekwisha kuondoa tani 13 za maji. Kazi hiyo haifanywi na beila, yaani mashine ya kufungia marobota. Hata hivyo, karibu kila anayeniuliza habari za mashine za hei huanza na beila, na mara nyingi huwa amekwisha kuinunua.

Leo nitazipitia mashine za kukatia, za kugeuzia, za kukusanyia na za kufungia, nikimfikiria mtu mwenye hekta moja hadi tano na trekta dogo, au asiye na trekta kabisa. Msimamo wangu nautoa mapema ili msinisubiri: fedha ya kwanza iende kwenye mashine ya kukatia na reki nzuri, na beila ije mwisho, ikiwa itakuja.

Kwanza jueni mnahitaji marobota mangapi. Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Ukiwa na ng'ombe watano na siku 120 zisizo na malisho, unahitaji kilo 6,000, ambazo ukiongeza ule unyevu wa asilimia 15 zinakaribia tani 7, sawa na marobota 350 ya kilo 20. Ongeza yatakayokanyagwa na kuharibika, useme 400. Marobota 400 ni kazi isiyozidi siku mbili kwa beila ndogo, kisha mashine hiyo inakaa bandani mwaka mzima ikiliwa na kutu.

Sasa tuzitazame hizi mashine tatu za kukatia zilizo nyuma yangu. Ya kushoto ni ya kisu cha mkasi: ubao mrefu wa chuma wenye vidole vilivyotulia, na juu yake ukanda wa visu vya pembetatu unaokwenda na kurudi kwa kasi, ukikata majani kama mkasi wa mshonaji. Yenye upana wa mita 1.5 huendeshwa bila taabu na trekta la hosipawa 15 hadi 25, na zipo nyembamba zaidi zinazofungwa mbele ya trekta la mkono la magurudumu mawili. Upana wa mita 1.5 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kona na kusimama, hukupa hekta 0.6 kwa saa. Mtu hodari wa kukata kwa mkono, mwenye mundu mrefu ulionolewa vizuri, hushinda kutwa nzima akimaliza kama hekta 0.4.

Mashine hii ina ubaya wake, na siufichi. Majani yaliyolala chini baada ya mvua huiziba, kisiki kimoja huvunja visu viwili au vitatu, na visu hivyo vinataka kunolewa kila baada ya saa chache za kazi. Lakini ina sifa moja ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haionekani kwenye karatasi ya vipimo: majani huyalaza palepale yaliposimama, yakiwa yametandazwa upana wote wa kisu, tabaka jembamba lililo tayari kupigwa na jua.

Ile ya katikati ni ya ngoma. Ina ngoma mbili zinazozunguka zikielekeana, na chini ya kila ngoma kuna visu vichache vilivyoning'inizwa kwa pini, hivyo kisu kikigonga jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Haizibi, hata kwenye majani mazito yaliyolala. Yenye upana wa mita 1.65 ikienda kilomita 8 kwa saa hukata karibu hekta moja kwa saa. Tatizo ni kwamba ni nzito mno kwa matrekta madogo. Nimewahi kuona trekta jepesi likiinua magurudumu ya mbele lilipojaribu kuibeba, na dereva hakuwa na usukani tena. Tatizo la pili ni kwamba ngoma hizo huyapitisha majani katikati yake na kuyaacha kama tuta nene, ambalo juu hukauka na chini hubaki bichi. Anayenunua mashine ya ngoma ajue kwamba ananunua pia mashine ya kulitawanya tuta hilo, au awe na watu wenye uma.

Ile ya visahani, kulia kabisa, ni ya kasi kuliko zote, lakini giaboksi yake ndefu ikiharibika matengenezo yake ni mzigo, na kwa hekta tatu kasi hiyo huna pa kuipeleka. Na fyekeo la trekta, ambalo wengi mnalo tayari? Linafaa kusafishia kichaka. Kwa hei, linayakatakata majani vipande vifupi ambavyo reki haiviokoti, na sehemu kubwa ya mavuno hubaki ardhini. Mashine yoyote utakayochukua, iweke ikate kwa kimo cha sentimita 7 hadi 10. Mashina yaliyobaki huyainua majani yaliyokatwa, upepo ukapita chini yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye kukausha, ambako hei hupatikana au hupotea. Jani likikatwa halifi papo hapo. Vitundu vyake vidogo vya kupumulia hubaki wazi kwa muda, na katika muda huo maji hutoka kwa wingi, ilimradi jani lipate mwanga. Likifunikwa na mengine, vitundu hufunga mapema, na huku jani likiendelea kuwa hai linakula sukari yake lenyewe, sukari ambayo wewe ulikusudia ng'ombe ale. Ndiyo maana kutandaza kunatakiwa kufanyika saa mbili za mwanzo, wala si kesho yake. Baada ya hapo kinachochelewesha ni mashina, na kwa sababu hiyo zipo mashine za kukatia zenye roli za kuyaponda. Ni nzuri, ila zinadai trekta kubwa.

Mashine ya kugeuza na kutandaza, ile yenye mikono ya chuma inayozunguka kama feni iliyolazwa, ndiyo inayoweza kukuokolea siku nzima ya jua. Katika nchi au msimu wa mvua za kushtukiza, ningeinunua kabla ya mashine yoyote ya kufunga kwa kamba. Lakini kwa lusene (alfalfa), mmea wa malisho wenye protini nyingi, iwe na mwendo wa polepole, na itumike majani yakiwa bado laini, kwa sababu majani ya lusene ndiyo yenye sehemu kubwa ya protini na hupukutika yakikauka kupita kiasi. Lusene iliyopukutika ni fimbo tupu, hata kama robota lake linapendeza.

Kwa kukusanya, ninayoipendekeza ni reki ya magurudumu ya vidole. Haitumii shafti ya kuendeshea mitambo, ile ambayo madereva huiita PTO. Magurudumu yake huzungushwa na ardhi yenyewe, hivyo hata trekta dogo, pikipiki ya magurudumu manne au mnyama mwenye nguvu anaweza kuivuta. Haina giaboksi wala mikanda, na nimeitumia misimu mitatu nikibadilisha vidole vinne tu. Kasoro yake ni kwamba ikishushwa chini sana hukusanya udongo na mawe na kusokota majani kama kamba nene ambayo beila huimeza kwa shida. Ipandishe hadi vidole viguse majani vikiliacha vumbi. Kusanya asubuhi, umande ukiwa haujakauka wote, ili majani yasivunjike, kisha acha tuta likamilishe kukauka.

Kabla ya kufunga, pima. Chukua konzi ya hei, ikatekate, uitie ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, ufunge na kutikisa kwa dakika mbili. Chumvi ikiganda, bado mapema. Ikibaki inamiminika, funga. Kwa robota dogo la mstatili unyevu usizidi asilimia 18 hadi 20, na kwa robota kubwa la duara ushuke zaidi, kwa kuwa joto la katikati halina pa kutokea. Hei iliyofungwa mbichi huvunda kwanza, kisha hujipasha. Ikifika nyuzi 55 za selsiasi ndani ya lundo iangaliwe kila siku, na ikivuka 70 ni hatari ya moto. Hapo usipande juu ya lundo, kwa maana huenda ndani pamekwisha kuungua ukatumbukia, na usiyatoe marobota hadi wazima moto wawepo.

Haya, beila. Ya bei ndogo kuliko zote haina injini: ni sanduku la mbao lisilo na kifuniko, lenye urefu wa takriban sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Unatandika kamba mbili, unajaza hei, unaikanyaga, unafunga, unalitoa. Robota hufikia kilo 20 hivi, na watu wawili waliozoea hufunga makumi kadhaa kwa siku. Kwa wale ng'ombe watano wetu, sanduku hili linatosha, na fedha iliyobaki inunue bati la ghala.

Anayetaka mashine aangalie kwanza beila ndogo ya duara, ambayo hufunga viringo vya kipenyo cha sentimita 50 hivi na urefu wa 70. Huridhika na trekta la hosipawa 18 hadi 30, na haina mfumo mgumu wa kufunga mafundo. Kasoro zake ni kwamba husimama kila kiringo ili kuzungusha kamba au wavu, na viringo havipangiki vizuri kama matofali. Beila kubwa ya duara, yenye kutoa mzigo wa kilo 200 na zaidi, mwachieni mwenye mashine ya kuinulia.

Beila ya mstatili hutoa marobota ninayoyapenda zaidi, lakini pistoni yake hupiga mapigo 80 hadi 100 kwa dakika, na trekta jepesi hutikiswa mbele na nyuma kutwa nzima. Chini ya hosipawa 35 sishauri. Vifunga-fundo vyake vinafuata kanuni iliyobuniwa na Mmarekani John Appleby katika karne ya 19, na hadi leo ndivyo vinavyowatoa watu jasho. Yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika, imepakwa rangi mpya hadi kwenye minyororo, na siku ya kwanza ilitoa marobota 30 ambayo nusu yalifunguka kabla sijayafikisha bandani. Rangi ilikuwa imeficha ndoano ya kufungia fundo iliyolika.

Kwa hiyo, ukienda kutazama iliyotumika, zima trekta, toa funguo, chomoa shafti, kisha mwombe mwenyewe atie kamba. Sukuma kwa mkono lile gurudumu zito la pembeni, kwa uelekeo wake wa kawaida, huku ukiachia kifyatuo cha kufungia na kuweka vidole vyako mbali na sindano za kupitishia kamba. Sindano zinapanda, ndoano inazunguka, kisu kinakata, fundo linadondoka. Rudia mara kumi, kisha vuta kila fundo kwa nguvu. Yakishika yote, zungumzeni bei. Likifunguka hata moja, uliza ndoano mpya inapatikana wapi kabla hujauliza kingine.