Leseni ya biashara Tanga kwa mfumo wa TAUSI: pesa inapita, ombi linamsubiri mtu

Tuanze na kizuri, maana kipo. Kulipia leseni ya biashara katika Jiji la Tanga hakuna tena foleni ya mhasibu. Namba ya malipo ikishatoka, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99 ambayo watu wameizoea kwa jina la kontroli namba, unalipa kwa simu ukiwa umesimama Barabara ya Kumi na Mbili, na fedha inasomeka serikalini bila kupita mkononi mwa mtu. Kwa hilo, mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na TAMISEMI tunaupa alama zote. Anayekumbuka stakabadhi za kuandikwa kwa mkono, na jinsi fedha zilivyotumika mbichi kabla hazijafika benki, hatabisha.

Kasoro iko kabla ya namba hiyo. Kati ya kutuma ombi na kupata namba kuna watumishi wanaopaswa kulisoma, kulihakiki na kulipitisha. Hapo kasi haitegemei mtandao. Inategemea mtumishi anapimwa kwa lipi, anaogopa nini, na kama ana usafiri wa kwenda kuliona duka lako.

Kwanza hakikisha unabisha hodi mlango unaohusika. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 ina makundi mawili. Kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni: uwakala wa forodha, uagizaji na usafirishaji wa bidhaa nje ya nchi, kampuni za utalii. Kundi B ndilo la halmashauri: maduka ya rejareja na jumla, saluni, migahawa, karakana na mengine ya namna hiyo. Mji una bandari, kwa hiyo si ajabu wakala wa forodha kupoteza wiki nzima akiihangaikia halmashauri wakati leseni yake haiko huko. Pombe ina sheria yake ya mwaka 1968, na leseni yake ni ya miezi 6: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Leseni ya mgahawa haikupi ruhusa ya kuuza bia. Mama lishe na machinga wana kitambulisho chao cha mjasiriamali mdogo cha sh 20,000, na hawahitaji kusumbuka na haya yanayofuata.

Unachohitaji ni namba ya NIDA, TIN ya biashara, hati ya TRA ya kutodaiwa kodi (sema "klirensi", kila mtu ataelewa), mkataba wa pango au uthibitisho kuwa jengo ni lako, na cheti cha BRELA kama unatumia jina la biashara badala ya jina lako. Duka la dawa, zahanati na kazi nyingine za kitaaluma huongeza vyeti vya mamlaka zao. Orodha ni fupi, lakini kila karatasi ina mtego wake.

Mtego mkubwa ni majina. NIDA inasema Mwanaidi Saidi, TIN inasema Mwanaid Said, mkataba wa pango unasema Mama Zuhura. Binadamu anaelewa kuwa ni mtu mmoja. Mfumo hauelewi, na mtumishi hana sababu ya kukubebea dhamana. Sahihisha majina TRA kabla hujagusa TAUSI. Wa pili ni TIN iliyochukuliwa kwa ajili ya leseni ya udereva. Hiyo si ya biashara mpaka uende TRA ukaongeze shughuli na kukadiriwa kodi. Wa tatu ni klirensi inayotaja eneo au biashara tofauti na ile unayoiombea leseni: TIN ilifunguliwa Dar es Salaam, duka liko Makorora. Wa nne ni mkataba wa pango. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka, na mpangaji anapaswa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hili la pili, basi mkataba huandikwa kwa kiwango cha chini au hauandikwi kabisa. Nyumba ikiwa ya urithi, uliza mapema nani ana mamlaka ya kusaini. Saini ya mjomba aliyekuwepo barazani siku hiyo inaweza kukurudisha mwanzo.

Kwenye mfumo wenyewe unajisajili kwa namba ya NIDA, unachagua halmashauri, kata na mtaa, unachagua aina ya biashara, unapandisha nyaraka, unatuma. Kosa la kawaida kwa Tanga liko kwenye kata. Jiji lina kata 27, na mtu anayesema "niko Ngamiani" bado hajasema kitu: kuna Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini. Ukikosea, ombi linakwenda kwa mtu ambaye duka lako si lake, naye hana haraka nalo. Aina ya biashara nayo ichaguliwe kwa makini, kwa kuwa ada hufuata aina. Vipodozi na uwakala wa fedha katika chumba kimoja ni biashara mbili, leseni mbili. Piga nyaraka skani zisomeke. Picha ya simu iliyopigwa gizani ni sababu tosha ya kurudishiwa ombi.

Sasa tumfikie mtu wa katikati, ambaye ndiye hasa huduma yenyewe.

Afisa biashara anafanya kazi Tanga, lakini maisha yake ya kazi yanaamuliwa mbali na Tanga. Usaili wake huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais. Kupanda daraja kunangoja ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoruhusiwa, na bajeti iliyoidhinishwa na ofisi ya Utumishi. Mshahara nao hupanda kwa tamko la kitaifa: kima cha chini cha watumishi wa umma kilitoka sh 370,000 hadi sh 500,000 kuanzia Julai 2025, nyongeza ya asilimia 35.1, na ilimfikia hodari na mvivu kwa siku moja. Nyongeza hiyo ilikuwa haki yao, hatuna ugomvi nayo. Ila mkuu wa kitengo anayetaka kumtuza kijana anayemaliza maombi 20 kwa siku hana hata shilingi ya kumwongezea.

Kilichobaki mkononi mwake ni vitu vidogo vyenye nguvu: nani aende semina, nani apate safari yenye posho ya kujikimu, nani akaimu nafasi, nani apewe pikipiki, nani apangiwe mjini na nani apelekwe kata ya pembezoni kama Tongoni. Katika halmashauri yoyote nchini, ukitaka kujua kwa nini meza fulani inafanya kazi na nyingine imelala, tazama vitu hivi kabla ya kulaumu tabia ya mtu.

Kisha kuna kipimo cha utendaji wa mtumishi. Zamani ilikuwa OPRAS, iliyoanza mwaka 2004, fomu ambazo wengi walizijaza kwa sababu zilihitajika kwenye faili la kupanda cheo. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ikaja PEPMIS, ya kielektroniki: mtumishi anaingiza kazi zake, msimamizi anazikubali na kuzipima. Ni hatua mbele, kwani walau kazi ina tarehe. Lakini aliyeandika kazi na aliyeipima wote wako upande mmoja wa dirisha, mwombaji hayumo. Wakati huohuo makusanyo ya mapato ya ndani ya halmashauri hulinganishwa na kutangazwa na TAMISEMI, na mkurugenzi anayeburuta mkia hulala vibaya. Shilingi ina wahesabuji wengi. Siku ulizosubiri hazina hata mmoja.

Na kuna hofu, ambayo watu wengi hawaihesabu. Mtumishi akipitisha ombi lenye kasoro, mkaguzi wa hesabu akija ataandika hoja ya ukaguzi, na hoja lazima iwe na wa kuijibu. Akilichelewesha ombi safi, hakuna hoja inayoandikwa. Kwa mizani hiyo mtu mwenye busara huchelewesha. Wala si lazima awe mla rushwa wala mvivu, ni mlinzi wa ajira yake tu. Ndiyo maana mtego wa kwanza tulioutaja ulikuwa majina: ombi linalopita haraka ni lile lisilompa mtumishi sababu ya kuogopa.

Kata za pembezoni zina tatizo la ziada. Ukaguzi wa eneo, hasa kwa vyakula ambako afisa afya lazima aone jiko, choo na maji, unahitaji usafiri na mafuta. Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia, imevutia wauza chakula na wenye nyumba za wageni. Ombi moja la huko halitoshi kutoa gari. Husubiri mengine yajae. Mkiwa majirani watatu, tumeni wiki moja na muombe siku moja ya ukaguzi. Watu wa Tanga husema waja leo, kuondoka majaliwa. Sifa hiyo ilitungwa kwa mgeni, faili halikukusudiwa.

Mtaani, usichanganye viongozi. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa, mara ya mwisho Novemba 2024, hana mshahara, na kinachomsukuma ni heshima ya watu wake na kura ijayo. Mtendaji ni mwajiriwa. Ukihitaji barua ya utambulisho, mwenyekiti hupatikana jioni na mwisho wa wiki, mtendaji saa za kazi. Mtendaji wa kata anapaswa kulipwa posho ya madaraka ya sh 100,000 kwa mwezi, iliyotangazwa katika bajeti ya 2021/22 na kubebeshwa mapato ya ndani. Maana yake, makusanyo yakiyumba, posho yake nayo iko hatarini. Usishangae basi akikuuliza leseni kabla ya salamu.

Ombi likikaa kimya, usianze kwa kelele. Nenda dirishani na namba ya ombi, uliza liko hatua gani na kwa nani, na uombe kasoro iandikwe ndani ya mfumo badala ya kuelezwa kwa mdomo. Kasoro iliyoandikwa haibadiliki kesho. Soma mkataba wa huduma kwa mteja uliobandikwa ukutani, taja siku zilizoahidiwa humo. Hatua inayofuata ni barua fupi kwa Mkurugenzi ikiwa na namba ya ombi na tarehe, au malalamiko kupitia e-Mrejesho, ambayo hupatikana pia kwa *152*00# bila intaneti. Malalamiko yenye namba na tarehe hujibiwa. Yale ya "wananisumbua" huzunguka tu. Na usimpe mtu wa pembeni nywila yako akujazie. Akiweka namba yake ya simu, taarifa zote zitakwenda kwake, pamoja na kontroli namba, ambayo ina siku ya kuisha muda.

Epuka robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, Aprili hadi Juni, kama unaweza. Watumishi wanakimbizana na lengo la makusanyo kabla ya 30 Juni, wako barabarani wakikagua leseni za watu, na maombi mapya yanabaki mezani.

Leseni ni ya miezi 12 tangu siku ilipotolewa, haifuati Desemba. Kuihuisha ni rahisi kuliko kuiomba mara ya kwanza, isipokuwa klirensi, kwa sababu TRA haitatoa kama una awamu ya kodi uliyoiruka. Awamu za makadirio huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Leseni inayoisha katikati ya Oktoba, kwa mfano, lipa awamu ya Septemba kwanza, chukua klirensi wiki hiyohiyo, utume ombi siku inayofuata. Ukiwa umehamia fremu nyingine katikati ya mwaka, hata kama ni mtaa uleule, badilisha anwani TRA kwanza.