Kumpeleka mbwa mwoga kwa daktari wa mifugo Malindi, uzoefu wangu

Nyinyi mnaofuga mbwa hapa Malindi na mbwa mwenyewe ni mwoga, someni hii kabla hamjaenda popote. Kliniki niliyompeleka Bobi kuchanjwa naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja waliyokosa nitaisema huko chini.

Bobi ni mbwa wetu wa kienyeji tu wa huku Muyeye. Nyumbani ni mlinzi hodari, usiku mtu hapiti nje ya ua bila yeye kujua, lakini akisikia tu harufu ya spiriti basi kwisha, mkia unaingia katikati ya miguu, anajiramba midomo, anapiga miayo mfululizo (watu wengi hudhani ni usingizi kumbe mbwa akiogopa ndo hufanya hivo). Na sababu anayo. Alipokua mdogo alipelekwa mahali fulani akabanwa juu ya meza na wanaume watatu, mdomo umefungwa kamba, mpaka akajikojolea. Yaani siku ile iliniuma sana na yeye hajaisahau mpaka leo.

Usafiri kwanza manake ndo shida ya wengi. Tuktuk nyingi hazikubali mbwa, na mi siwalaumu, mtu anaswali na mate ya mbwa ni najisi, akiguswa nayo inabidi aoshe mara saba na moja iwe kwa mchanga. Niliyempata aliniuliza kwa heshima, "Mama, huyo mbwa yuko mkavu?" Nikamwambia mkavu kabisa, nikatandika gunia na shuka kuukuu, Bobi nikamweka chini miguuni kwangu kichwa nimekishika, tukaenda vizuri na pesa nikamwongeza kidogo.

Sasa daktari. Nilikua nimempigia simu kabla nikamweleza huyu ana woga mwingi, akaniambia, "Dadangu njoo asubuhi mapema mbuzi hawajajaa hapa, usimshibishe, na umbebee kitu anachokipenda sana." Nikachemsha maini. Tulipofika hakutuingiza ndani, alitoka yeye akatufuata chini ya mwarobaini, hana koti jeupe, akakaa mchangani ubavu ubavu bila kumtazama mbwa machoni, akawa anazungumza na mimi tu kuhusu kupe na minyoo huku anarusha kipande cha ini kimoja kimoja. Bobi alinyoosha shingo mpaka basi, miguu ya nyuma imebaki kule kule tayari kukimbia, ananyakua anarudi nyuma. Kila kipande kikawa kinaanguka karibu zaidi na goti la daktari. Hakuna aliyemharakisha, na getini watu walishaanza kufika.

Kijana msaidizi alikuja na bandeji ya kufunga mdomo, daktari akamkataza, akasema mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, ukimfunga mdomo na joto hili la Malindi utamuumiza. Akaleta kifunga mdomo cha mfano wa kikapu, mbwa anahema na hata ini linapita. Mizani aliitandika leso kwanza isiteleze. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliitoa kwenye friji mbele yangu, na hilo nililiangalia kwa makusudi kwani inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa digrii 2 hadi 8 na kuna maduka nimeona chupa zimepangwa kaunta juani. Sindano akaidunga kwenye ngozi ya bega Bobi akiwa anatafuna, hata hakugeuka!

Lakini kilichonifanya nimwamini kabisa ni hiki, nilitaka amkate na kucha pale pale, akakataa. Akasema amevumilia vya kutosha leo, tukiongeza tutaharibu yote, mlete siku nyingine, na siku nyingine hata mpitishe tu ale ini hapa mrudi nyumbani, sitakutoza kitu. Tumeshafanya hivo na sasa getini anaingia mwenyewe, ingawa mkia bado uko chini.

Nyota iliyopotea ni ya kelele. Ukuta wa pili kuna mafundi wa kuchomelea vyuma, wakiwasha ile mashine ya kukatia mbwa anaruka, basi ukichelewa asubuhi umeharibikiwa. Kipimo cha damu pia hawana. Bei waliniambia kabla, chanjo na dawa ya minyoo haikufika elfu mbili, nikalipa kwa M-Pesa nikapewa kadi yenye tarehe ya kurudia mwakani.

Kuna wanaoniuliza si ungengojea chanjo za bure zinazotolewa sehemu nyingi karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Kwa mbwa mtulivu sawa kabisa. Kwa mwoga ile foleni ya mbwa wanabwekeana ni mateso, ila kama pesa ya kliniki huna mpeleke hivo hivo, achanjwe, kaeni mbali na wenzake na kamba uishike fupi mpaka muitwe.