Njia imefungwa, nami nimo ndani: uzoefu wangu wa baiskeli msituni

Msitu ninaoendeshea baiskeli niliupa kwanza nyota mbili. Sasa ni tatu, na sababu nitazieleza.

Kuna msitu wa serikali kandokando ya Nairobi ambako huendesha baiskeli Jumamosi. Jina naliacha, maana walinzi wa pale ni watu wazuri na wengine tunajuana. Mwezi Mei, masika yakiwa bado hayajakata, nilifika getini saa moja asubuhi, nikalipa kwa simu, nikaonyesha ujumbe wa malipo, nikaingia. Hakuna aliyenitajia lolote. Nikashika njia ya mtoni, ile inayoteremka kama kilomita mbili hadi kwenye kidaraja cha mbao. Tope linaniruka usoni, na mimi nafurahia mteremko. Kona ya mwisho, huu hapa utepe mwekundu na mweupe, umelegea kati ya miti miwili, usawa wa kifua changu. Nikakamata breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza, nikalala ubavu.

Mtini palibandikwa karatasi. Wino ulikuwa umechuruzika kwa mvua, likabaki neno moja la Kiingereza la kusema pamefungwa. Kwa nini, tangu lini, mpaka lini, nipite wapi: hakuna. Mbele ya utepe, kidaraja hakipo, mbao mbili tu zinaning'inia juu ya maji.

Sina ugomvi na kufungwa. Daraja likisombwa, funga. Ugomvi wangu ni kuambiwa nikiwa tayari chini, wakati kibao kilitakiwa kuwa kule juu kwenye njiapanda, ambako bado ningeweza kuchagua njia nyingine. Na pembeni ya utepe niliona alama za matairi na viatu zimekata vichakani: wengine walizunguka wakatafuta pa kuvukia, na sasa pana kinjia kipya cha tope ambacho msitu haukukihitaji.

Nilisukuma baiskeli hadi juu. Mlinzi akaniambia, "Madam, huko kumefungwa tangu Jumanne. Si ilitangazwa mtandaoni?" Nikatafuta, nikaiona: picha ya barua yenye mhuri, ikisema "baadhi ya njia" zimefungwa hadi itakapotangazwa tena. Baadhi zipi? Akina mama wawili waliokuwa wakipita na kuni wao walijua, lakini kwa kuambiana tu.

Pale Karura, msitu mwingine wa Nairobi, njiapanda zina namba. Mtu akikwambia pamefungwa kati ya namba hii na ile, hata mgeni wa leo anaelewa. Huo ni mpango rahisi mno kuuiga.

Kuhusu kutaja sababu, mimi hukumbuka korongo la Hell's Gate, Naivasha, ambako wengi walikuwa wakiendesha baiskeli mbugani kisha wakishuka korongoni kwa miguu. Septemba 2019 maji yalikuja ghafla na watu saba wakafa. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, wewe chini unaota jua. Ukimwandikia mtu "pamefungwa" peke yake, atatazama anga, aone kweupe, apite. Mwandikie kwamba maji huja hata kama hapa hakunyeshi, na wengi watageuka.

Nilituma malalamiko kwa ujumbe, sikujibiwa. Lakini Julai nikakuta ubao mweusi getini, kabla ya mahali pa kulipia, umeandikwa kwa chaki: "Njia ya mtoni imefungwa kuanzia kwenye mianzi. Daraja limebomoka. Pitia njia ya juu. Tutaangalia tena tarehe 20." Na pale kwenye mianzi wamelaza magogo mawili, huwezi kupita bila kushuka. Mistari minne ya chaki ilinifaa kuliko ile barua yenye mhuri. Ndiyo nyota ya tatu hiyo.

Ya nne nimeizuia. Mwishoni mwa Agosti ubao ulikuwa bado unasema tarehe 20. Nikazunguka kwa njia ya juu kama mtiifu, na kutoka ng'ambo nikaona kidaraja kipya, mbao bado nyeupe, watoto wameketi juu yake wananing'iniza miguu. Wenyeji walishaacha kuusoma ule ubao. Niliporudi getini nikamweleza mlinzi. Akacheka, akavuta mkono wa koti lake, akaufuta.